Kahawa ya Kivu ilihama usiku: historia fupi ya kodi na mulimaji



Sisi tuliosoma agronomia tunajua vizuri nini kinauwa kahawa. Hata ukituamsha usiku tutakujibu: kutu ya majani, mdudu antestia ambaye anaacha ladha ya kiazi kibichi ndani ya punje, udongo uliochoka, miti iliyozeeka bila kukatwa. Kila kimoja kiko na dawa yake na ukurasa wake ndani ya nota. Lakini kuna kitu kingine kilichochangia sana kuangusha kahawa ya Kivu, na ndani ya nota zangu sikukikuta: kodi.

Leo nataka tupitie historia hiyo pamoja. Sababu ni moja. Kila mara nasikia, ku ofisi, ku mikutano, hata mu bisi, mtu mwenye diploma anasema: "Balimaji ya kwetu ni bagumu, habapendi maendeleo." Mimi nasoma historia yetu naona kitu kingine. Kwa zaidi ya miaka mia moja mulimaji wa Kivu amekuwa anafanya hesabu, na mara nyingi hesabu yake ilikuwa sawa kuliko ya wale waliomfundisha.

Kabla ya Mubeleji

Kodi haikuletwa na Wazungu. Katika Bushi, mtu aliyetaka udongo alimupelekea mwami, ao mkubwa aliyesimamia kilima, kitu kinachoitwa kalinzi: ng'ombe ao mbuzi, kufuatana na ukubwa wa shamba. Ukiisha kutoa kalinzi, shamba linakuwa lako na la watoto wako, na unaweza kupanda mugomba. Aliyekosa kalinzi alichukua bwasa, maana yake anakodi shamba kwa msimu ao kwa muda mufupi, na haruhusiwi kupanda kitu cha kukaa miaka mingi.

Soma hiyo kama agronomu. Mahali mtu yuko na bwasa hawezi kupanda kahawa wala mti, hata ukimuletea miche ya bule mpaka mulangoni. Siyo ugumu wa kichwa. Ni haki ya ardhi, na mpaka leo mambo hayo yako hai kule Kabare na Walungu.

Sisemi mipango hiyo ilikuwa ya haki kwa wote. Maskini walibaki na bwasa maisha yote, na wanawake zaidi. Lakini ilikuwa na kitu kimoja ambacho nitawaomba mukikumbuke mpaka mwisho: aliyetoa alijua anapata nini.

Kodi ya kumutoa mtu nyumbani

Leta ya Léopold wa II ilianza kwa kuchukua mikono ya watu. Amri ya 1903 iliweka kodi ya kazi: masaa 40 kila mwezi. Mu 1908 Kongo ikawa koloni la Ubeleji, na kuanzia 1910 kodi ikaanza kugeuka ya feza. Ndiyo kodi ya kichwa: kila mwanaume mzima mwenye nguvu analipa.

Kwa macho, kodi ya feza ni nyepesi kuliko kazi ya nguvu. Sasa tufikiri. Mtu wa Ngweshe yuko na maharagwe, migomba na ng'ombe. Feza atatoa wapi? Feza ilikuwa mahali pamoja tu: kwa Mubeleji, ku plantation, ku migodi, ku kazi ya barabara. Basi kodi haikuwa tu ya kujaza sanduku la Leta. Ilikuwa ya kumutoa mtu nyumbani ili akauze mikono yake. Siyo sisi peke yetu: Waingereza walifanya vile Kenya na kodi ya nyumba, na Wajerumani vilevile Tanganyika.

Kisha ikaja amri ya 1917, mu vita vya kwanza: kila mulimaji alime kwa lazima mimea ambayo Leta imechagua, siku 60 kwa mwaka. Mu 1942, vita vya pili vikiwa vinaendelea, siku zikapanda mpaka 120. Ni theluthi ya mwaka, bandugu. Aliyekosa alijua fimbo na munyororo. Na tuandike hapa kitu kinachotuhusu: wakati ule agronomu na moniteri wake ndio walikuwa wanasimamia. Kama mzee wa kilima anakuangalia vibaya unapofika na bloku-noti na kofia, kuna babu mmoja aliyemusimulia kitu.

Upande wa ardhi, mu 1928 iliundwa Comité National du Kivu, tunayosoma kama CNKi, yenye uwezo wa kugawa ardhi kwa wakoloni. Hapo njo vilima vizuri vya Kivu vilianza kujaa plantation za kahawa arabika, kinini na chai. Kahawa ilikuwa kwanza mmea wa mkoloni. Walimaji wadogo waliingia kwa wingi baadaye.

Waliopima mmea

Haki yao tuwape: Wabeleji walipima. Mu 1933 iliundwa INEAC, taasisi ya uchunguzi wa kilimo, makao yake makubwa Yangambi, na kwetu Kivu ikawa na stesheni Mulungu. Mu 1947 ikafuata IRSAC, iliyojenga kituo chake Lwiro, majengo ambayo mgeni akiyaona kwa mara ya kwanza anashangaa kama yako kweli kijijini. Walipima mvua, udongo, majani, magonjwa, hata chakula cha watoto. INERA-Mulungu na kituo cha Lwiro viko mpaka leo, na wengi wetu tulifanya stage huko.

Lakini kazi yao kubwa ilikuwa mmea na mwili. Ngapi inabaki mukononi mwa mulimaji akiisha kulipa kila mtu, hilo halikuwa swali la stesheni. Lilikuwa swali la administrateri, na administrateri alikuwa upande wa anayepokea.

Mfano mzuri ni mitaro ya kuzuia mmomonyoko. Miaka ya 1940 na 1950 Leta iliwalazimisha watu kuchimba mitaro kukata vilima vya Kivu. Kwa sayansi ilikuwa sawa kabisa: mtaro unaofuata usawa wa kilima unavunja nguvu ya maji na kubakisha udongo. Lakini ilikuja kama kazi ya lazima, pamoja na kodi na fimbo. Uhuru ulipofika 1960, watu waliacha mitaro hiyo sehemu nyingi, na mingine wakaifukia. Hawakukataa sayansi. Mtaro ulikuwa na harufu ya fimbo.

Wakati kahawa ilijifunza kutembea usiku

Sasa tuingie Zaïre. Tarehe 30 mwezi wa 11 mwaka 1973, Mobutu alitangaza zairianisation: biashara na plantation za wageni zikapewa wana inchi, wengi wao watu wa karibu na mamlaka. Plantation nyingi ziliuzwa kipande kwa kipande ao zikaachwa kuwa pori. Ile nafasi walimaji wadogo ndio walianza kuijaza na kahawa yao.

Mwezi wa 7 mwaka 1975, baridi kali iliuwa mikahawa ya Brazili. Bei ya dunia ikapanda, na mu 1977 ilikuwa juu sana. Mulimaji wa Kalehe na wa Idjwi alipaswa kutajirika. Mbona hakutajirika?

Jibu ni kodi ambayo haikuitwa kodi. Kahawa ya kuuza nje ilipita ku njia ya Leta, na feza ya kigeni ilibadilishwa kwa bei rasmi ya zaïre, ambayo ilikuwa juu sana kuliko thamani ya kweli ya sokoni. Chukua mfano, namba ni zangu za kueleza tu: kahawa inauzwa dola 1. Sokoni dola 1 ni zaïre 4, lakini ku banki wanakuhesabia zaïre 2. Hapo nusu ya jasho lako imeenda, na hakuna mtu aliyekuja mulangoni kukudai. Ongeza ushuru wa kutosha nje, ongeza faida ya mnunuzi mwenye ruhusa, mulimaji anabaki na makombo.

Ng'ambo ya ziwa, Rwanda, franka ilikuwa na nguvu, na ku duka kulikuwa sabuni, chumvi na kitenge. Basi kahawa ikajifunza kutembea usiku. Ilipanda pirogi, ikavuka. Kule kaskazini ilipitia Uganda. Na Waganda wenyewe, wakati wa Idi Amin, walikuwa wanafanya vilevile upande wa Kenya: kijiji cha Chepkube, mupakani karibu na Bungoma, kilijulikana mahali pote mu 1976 na 1977 kwa sababu ya kahawa ya magendo. Leta mbili tofauti, watu tofauti, jibu moja. Ukiona watu wasiojuana wanajibu namna moja, usitafute tabia yao. Tafuta bei.

Leta ya Zaïre ilishusha thamani ya zaïre kwa nguvu mu 1983, na kahawa ikarudi kidogo ku njia ya mchana. Mwisho wa miaka ya 1980, inchi nzima ilikuwa inatosha karibu tani 120,000 kwa mwaka. Kisha mwezi wa 7 mwaka 1989 mapatano ya kimataifa ya kahawa yakavunjika, bei ikaanguka karibu nusu. Ikafuata 1994, 1996, 1998. Hizo tarehe hakuna mtu wa Bukavu anahitaji aelezwe. Ku robusta, ugonjwa wa kunyauka ukamaliza mashamba mengi. Kufika mwanzo wa miaka ya 2010, kahawa iliyotoka kwa njia rasmi ilikuwa karibu tani 10,000 tu.

Nilisema kodi ilichangia sana, sikusema ilifanya kazi peke yake. Vita viliua, ugonjwa uliua. Lakini mahali mti ulibaki umesimama, ku kando ya ziwa, kahawa iliendelea kuvuka usiku juu ng'ambo hakukuwa mzigo wa takisi kama wa kwetu. Mwenye pirogi alipita bila taa, akiogopa askari na upepo wa ziwa. Wengi walizama. Minova na Idjwi kuna wajane wa kahawa. Watu walikufa juu ya tofauti ya bei kati ya kando mbili za maji mamoja, na tofauti ile iliandikwa ku ofisi.

Kamba barabarani

Mu 1991 kilitoka kitabu The Real Economy of Zaire, kilichosimamiwa na Janet MacGaffey. Ndani yake kuna uchunguzi wa Vwakyanakazi Mukohya juu ya biashara ya Kivu ya Kaskazini. Kile watu wa Kinshasa waliita uhalifu, wachunguzi hawa walikifuata kama uchumi: nani ananunua, nani anapita, kwa nini. Kumbe uchumi wa kweli ulikuwa pale.

Mu 2017 shirika la uchunguzi IPIS lilitoa kazi ya Peer Schouten, Janvier Murairi na Saïdi Kubuya juu ya bariyeri za barabarani katika Kivu mbili. Walihesabu bariyeri karibu 800, na zaidi ya nusu ziko Kivu ya Kusini. Zingine za jeshi, zingine za polisi na huduma za Leta, zingine za vikundi vya silaha. Kitu ambacho dereva na mama wa sokoni walikijua kwa mufuko wao, sasa kiko ku karte.

Hapa naomba nifasiri kama agronomu kwa nini bariyeri ni mbaya kuliko kodi ingine. Kodi ya faida inangoja upate. Bariyeri inakudai unapopita, hata kama utapata hasara. Na mara nyingi inahesabu mzigo, haihesabu bei ya mzigo. Tuseme kamba inataka franka 1,000 kwa kila furushi. Mwenye koltani ndani ya mufuko mudogo, franka 1,000 ni kama vumbi. Mama mwenye kifurushi cha mihogo, ile franka 1,000 ni sehemu ya chakula cha watoto. Kamba sita, safari moja, na mihogo haina faida tena. Mnunuzi wa mujini hawezi kupandisha bei juu yako, atanunua kwa mwingine. Kwa hiyo hasara yote inarudi shambani.

Kijana wa kijijini anaona hesabu hiyo. Anaacha jembe, anaenda ku kare ya madini. Tena tunasema "bijana hawapendi kulima". Bijana wanapenda kula.

Nimesimama mara nyingi asubuhi ku njia ya kushuka Kadutu, naangalia bamama wanatoka Kabare na mizigo mugongoni. Mmoja alinihesabia kwa vidole: kamba ya kwanza, kamba ya pili, takisi ya soko, mtu wa usafi, mtu asiyejulikana. Nilimuuliza ngapi kati ya hao walimupa karatasi. Akacheka. "Mutoto yangu, karatasi nitakula?"

Sheria iko, feza haishuki

Mtu atasema: sheria haiko? Iko. Katiba ya 2006, ku kifungu 174, inasema kodi inawekwa na sheria peke yake. Kifungu 175 kinasema asilimia 40 ya mapato ya taifa inabaki jimboni, inakatwa pale pale yanapotoka. Mu 2011 tukapata sheria ya kilimo, inayoahidi kupunguza mzigo wa ushuru ku vifaa vya mulimaji. Mu 2018 ikatoka ordonnance-loi namba 18/004, inayoorodhesha kodi na takisi zote ambazo jimbo na sheferi zinaruhusiwa kudai.

Lakini zile asilimia 40 hazikatwi jimboni kama Katiba inavyosema. Feza inapanda Kinshasa, kisha inarudi kidogo, na kwa kuchelewa. Jimbo liko na mishahara, sheferi iko na wafanyakazi, wote wanangoja. Mahali rahisi pa kupata feza leo, siyo mwezi ujao, ni barabarani. Basi kamba ya Kalehe inaanzia Kinshasa. Ndiyo maana ukimufukuza mtu mmoja wa bariyeri bila kugusa ule mupango, kesho utakuta mwingine amekaa ku kiti kile kile.

Mulimaji anabadilika hesabu ikibadilika

Kama ni kweli mulimaji anafuata hesabu, basi hesabu ikibadilika na yeye atabadilika. Tuko na mfano wetu wenyewe. Mu 2003, kule Minova, iliundwa kooperativi SOPACDI. Ilifika mahali ikapata stesheni ya kusafisha kahawa, cheti cha biashara ya haki, na wanunuzi wa moja kwa moja Ulaya. Kahawa iliyosafishwa vizuri na inayojulikana ilikotoka iko na bei nzuri kuliko ile iliyomenywa nyumbani na kuvushwa usiku kuchanganywa na ya wengine. Mulimaji alipoona bei ya huku imepita ya ng'ambo, hakungoja semina. Kahawa yake ikaanza kutembea mchana. Kooperativi zingine zilifuata, Kalehe na Idjwi.

Tunahitaji somo hili sasa hivi, siyo kwa kahawa peke yake. Tarehe 4 mwezi wa 5 mwaka 2023, maji na mawe vilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, kule Kalehe. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakupatikana. Sisemi mitaro ya zamani ingezuia maji ya siku ile. Mvua ilikuwa kubwa na nyumba zilikuwa kando ya mito. Lakini kila mtu anasema tupande miti, tukate vilima, tushike udongo. Ni kweli. Sasa ulizeni: nani atapanda? Mtu wa bwasa, ambaye mti wake utamutosha ku shamba? Mwenye kamba sita mbele ya soko, ambaye hawezi kungoja miaka mitatu kahawa izae? Tukileta mitaro kwa nguvu, itafukiwa kama ya kwanza. Tukileta miche bila kugusa haki ya ardhi na kamba ya barabarani, itakauka, na ripoti itaandika "walimaji hawakushiriki".

Kitu tunaweza kufanya

Sisi hatuandiki sheria. Lakini tunapima, hiyo ndiyo kazi tuliyosomea.

Kwanza, kila memwari ya kilimo iwe na tablo moja ya barabara: kutoka shambani mpaka sokoni, mulimaji amelipa nani, ngapi, na alipewa karatasi ao hapana. Tunapima pH ya udongo kwa makini, tushindwe kuhesabu kamba? Pili, kabla ya kugawa mche wowote, tuulize shamba ni la kalinzi, la kununua, ao la bwasa. Na kama ni bwasa, tukae kwanza na mwenye ardhi na mwenye jembe. Tatu, tusome bajeti ya jimbo na ya sheferi yetu. Zinapigiwa kura, siyo siri ya mtu. Tulinganishe takisi zinazoandikwa mule na zile za tablo yetu. Pale mistari miwili haikutani, pale ndipo pa kuandika.

Nne, tulinde majina ya wanaotuambia. Mama wa Kabare anarudi ku njia ile ile kesho.

Niliwaomba mukumbuke kalinzi: aliyetoa alijua anapata nini. Swali hilo halijajibiwa tangu 1910. Kama uko unaandika memwari mwaka huu, na hujapata sujet, chukua barabara moja tu, ile unayoijua, ya kwenu. Tembea nayo pamoja na mzigo mmoja, kutoka shamba mpaka soko, na kaye mukononi. Uandike kila franka.